Presha kuka ya umeme lita 6: nilimnunulia mbwa, sasa hivi nyumba nzima inaigombania

Ngoja niseme mapema kabisa, hii presha kuka sikuinunua kwa ajili ya maharage. Niliinunua kwa ajili ya mbwa. Kijibwa cheupe cha kilo tano kinaitwa Tembo, jina kapewa na mwanangu wa miaka sita na limeshindikana kubadilishwa, basi tumezoea hivohivo, tukienda kwa daktari wa mifugo wanaita "Tembo!" watu wote wanageuka alafu natokea mie na kitu kimekaa kwapani.

Sasa Tembo alianza kujikuna toka ana mwaka mmoja. Tumbo jekundu kama kamwagiwa chai ya moto, masikio yananuka maziwa yaliyochacha, na usiku kucha anajilamba nyayo mpaka yale manyoya meupe katikati ya vidole yamegeuka rangi ya kutu. Tukapiga dawa ya kupe, tukapiga ya viroboto, tukabadilisha shampuu mara tatu, akichomwa sindano anapumzika wiki mbili alafu anarudi palepale. Mwishowe daktari akasema tuangalie chakula, na akanishangaza kidogo maana mie nilidhani shida ni wali, kumbe vinavyoongoza kuwasumbua mbwa wenye mzio wa chakula ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Yaani vilevile vitu ambavyo mtu ukimpenda mbwa wako ndio unampa.

Akanipa kazi ya wiki nane: nyama moja ambayo Tembo hajawahi kuila maishani, wanga wa aina moja, na zaidi ya hapo ni maji tu. Nikajifanya mjanja nikaenda kununua chakula cha mfuko, mbele kimechorwa kondoo amesimama kwenye majani mazuri, nikalipa hela ndefu, nafika nyumbani nasoma yale maandishi ya nyuma ambayo yanasomeka kwa tochi ya simu, mstari wa nne: mafuta ya kuku. Kondoo yupo kwenye picha bana, ila kuku yupo ndani.

Ndio nikaamua napika mwenyewe. Sungura na viazi vitamu. Sungura kwa sababu huyu mbwa hajawahi kumuonja, na viazi kwa sababu vipo kila genge. Wiki ya kwanza nikapikia kwenye gesi, sungura wa shamba yule aliyekomaa anataka saa moja na nusu ndio nyama iachie mfupa, mtungi ukaisha siku ambazo sikutegemea, na mie natoka kazini saa kumi na mbili, nikifika nimechoka bado nina sungura wa mtu mwingine wa kuchemsha. Mtu mwingine mwenyewe mbwa. Wiki ya pili nikaenda Kariakoo nikarudi na hii kitu, lita 6, wati 1000, shilingi 145,000 baada ya kubishana sana. Jina la kampuni silitaji maana zinafanana zote na nadhani zinatoka mlango mmoja.

Haya, inapikaje. Sungura mmoja aliyechunwa ananijia kama kilo moja na robo, namkata vipande, namuweka na maji vikombe viwili, hakuna chumvi, hakuna kitunguu, hakuna kitunguu saumu (hivyo vitunguu vyote viwili ni sumu kwa mbwa, vinaharibu damu, kwahiyo ile tabia yetu ya kuanza kila sufuria kwa kukaanga kitunguu hapa inakufa). Dakika 25 kwenye presha, alafu naiacha ishushe mvuke yenyewe. Nikifungua, nyama inaachia mfupa kwa kidole tu. Viazi napika peke yake baadae, vimekatwa vipande vya ukubwa wa kiberiti, dakika 5 vinatosha. Siku ya kwanza nilijifanya nina haraka nikatia vyote pamoja na maji kikombe kimoja, viazi vikageuka uji, uji ukashika chini, mashine ikapiga kelele ikajizima. Maji vikombe viwili jamani, usipunguze, presha ni mvuke na mvuke ni maji.

Umeme nilikuwa na wasiwasi nao kuliko vyote. Nikasimama kwenye luku kabla na baada, kila kitu kingine nyumbani nimezima hadi friji: nilikuta 41.6, nikaacha 41.1. Nusu uniti. Kwa vile elfu moja inanipa uniti 2.8 basi kuchemsha sungura ni kama shilingi 180. Gesi haijawahi kunifanyia hivyo.

Kazi inayochosha haimo kwenye mashine, ni mifupa. Mifupa ya sungura ni myembamba kama sindano za kufumia, na mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha, unaweza kumtoboa mbwa utumbo. Kuna watu wanasema presha inalainisha mifupa mpaka unaisaga unamlisha, mie nimeiminya kwa vidole baada ya dakika 25, mingine inapondeka mingine bado inachoma, siwezi kubahatisha na mbwa wa kilo tano. Kwahiyo natandika sinia, nachambua nyama kwa mkono mara mbili, mara ya kwanza kwa macho mara ya pili nimefumba macho napapasa tu. Ile ya kufumba macho ndio inakamata vimbavu vidogo. Dakika ishirini za maisha yangu kila Jumapili.

Alafu mzani. Kama huna hela ya presha kuka nunua mzani wa jikoni wa elfu kumi na tano, huu ndio umefanya kazi kuliko kitu chochote hapa ndani. Tembo anakula gramu 110 za nyama na gramu 150 za viazi kwa siku, nagawa mara mbili, na kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti kwa sababu sungura hana mafuta mengi. Sungura mmoja ananitosha siku sita. Kabla ya mzani nilikuwa napima kwa upendo, akanenepa nusu kilo ndani ya mwezi, na nusu kilo kwa mbwa wa kilo tano ni sawa na mie niongezeke kilo saba. Nagawa kwenye vikopo vya aiskrimu, naandika tarehe, viwili vinakaa friji vingine friza.

Kitu ambacho hakionekani kwenye sahani ni madini. Nyama na kiazi havina kalsiamu ya kutosha, mbwa akikosa kalsiamu mwili unaanza kuichota kwenye mifupa yake mwenyewe, kwa watoto wa mbwa ndio unaona miguu inapinda na taya linalegea. Daktari alinipa unga wa kuchanganya, ule usio na ladha, na kipimo kaandika kwa gramu, mzani tena. Ladha ni muhimu kuuliza, maana kuna vidonge vya kupe vya kutafuna vimetiwa ladha ya ng'ombe, unakaa wiki tano unajinyima alafu kidonge kimoja kinakurudisha mwanzo. Ganda la yai la kusaga ambalo wengi wanatumia, kwenye zile wiki nane nilikatazwa, yai nalo ni protini.

Nimesema wiki nane, zilikuwa kumi na moja. Mama alikuja kutoka Tanga wiki ya tatu. Siku ya kwanza alikaa jikoni akaniangalia nachambua sungura hasemi kitu, mwisho akaniuliza, "Mwanangu, huyo sungura ni wa nani?"

"Wa Tembo, mama."

"Na sisi?"

"Sisi dagaa."

Akanyamaza. Akanyamaza vile wanavyonyamaza mama wa Tanga, yaani unasikia. Siku ya nne yake natoka kazini nakuta Tembo kakaa miguuni kwake anamtazama kama mtume, na Jumamosi masikio yakaanza tena kunuka. Nikamuuliza, mama umempa kitu? Akasema hajampa kitu, kampa maini ya kuku kidogo tu, mwanaume mzima anakula viazi asubuhi na jioni mpaka lini. Basi tukaanza kuhesabu upya. Sikumlaumu, kwao mbwa alikuwa anakula dona na vichwa vya samaki na alikufa uzeeni.

Kuanzia hapo nikabandika karatasi kwenye friji, TEMBO HALI KITU HAPA, na mlinzi wa getini nikaongea nae kuhusu mifupa ya chipsi kuku. Dada wa nyumbani ndio alikuwa mwepesi kuelewa kuliko wote. Nilikuwa naogopa kumuuliza, yeye ni Muislamu anaswali swala tano, nikamwambia dada kama hutaki kugusa sufuria ya mbwa nitaosha mwenyewe. Akacheka, akasema sufuria ina tatizo gani kaka, humo kuna sungura na kiazi, tena sungura kachinjwa na ostadhi wa kule shambani, kinachonikera mie ni bakuli lake analolamba, hilo uoshe wewe na liwe na sponji yake. Tukaelewana. Sponji ya Tembo ni ya bluu.

Wiki ya sita ya hesabu mpya niliamka usiku nikasikia kimya. Nikawasha taa nikidhani kafa. Kalala chali, miguu juu, hajilambi. Manyoya ya vidoleni yalichukua muda zaidi kuwa meupe, yale yenye kutu lazima yakue yakatwe, ila tumbo lilishapoa. Zilipotimia nane daktari akaniambia nimrudishie kuku makusudi ili tujue kama kweli ni chakula, nikampa kifua cha kuku kilichochemshwa siku tatu, siku ya nne saa tisa usiku nasikia anajilamba. Kuku ndio mchawi. Ng'ombe tumejaribu baadae wiki mbili nzima, hana shida nae, afadhali mfuko wangu maana sungura wa elfu 18 kila wiki ni mchumba wa pili.

Turudi kwenye mashine maana ndio naiandikia. Ubaya wake wa kwanza ni ule mpira wa mfuniko, unanyonya harufu, ukipika sungura leo kesho maharage ya nazi yanakuja na ka-harufu ka sungura kwa mbali. Ubaya wa pili, ile rangi nyeusi ya sufuria ya ndani inakwanguka ukitumia kijiko cha bati, yangu imeshaanza pembeni baada ya miezi mitano, tumia mwiko wa mbao toka siku ya kwanza. Umeme ukikatika katikati haikumbuki ilipofikia, inakaa na mvuke wake kimya, usilazimishe kufungua, subiri kile kipini kishuke chenyewe. Na kitabu cha mapishi kilichokuja nacho kina keki. Keki, kwenye presha. Sijajaribu.

Uzuri ni kwamba Jumapili naweka sungura naenda kanisani, narudi imejizima inapasha tu. Kwa kazi hiyo moja naipa nyota nne, ya tano wameila kwenye sufuria ya ndani. Mama alivyoondoka Tanga aliniambia nimtafutie na yeye moja, ya makande.

Kuhusu mpira, nimenunua wa akiba, elfu 5 palepale Kariakoo, mmoja wa Tembo mmoja wetu. Nenda na wa zamani mkononi ukalinganishe, mie wa kwanza nilikadiria kwa macho ukazidi sentimita moja.