Meza ya plazma ya CNC kwa bajeti ndogo Mombasa: ipi ya kununua, ipi ya kuacha

Plazma ni mashine inayokata chuma kwa umeme na hewa ya kompresa; meza ya CNC huongoza tochi yake, yaani mdomo wa kukatia, kwa kompyuta. Karakana za mageti na magrili, kuanzia Changamwe hadi Kongowea, hukata zaidi shiti za milimita 1.5 hadi 6. Kazi hiyo plazma ya ampea 45 huimudu bila shida. Kwa hiyo pesa ziende kwenye plazma kwanza, hewa pili, meza mwisho, wala usianze na ukubwa wa meza.

1. Meza ya futi 4 kwa 4, inayouzwa bila plazma. Shiti zetu ni futi 8 kwa 4. Meza ikiwa wazi upande mmoja, unakata nusu, unaisogeza shiti, unamalizia. Daraja, yaani boriti inayobeba tochi juu ya shiti, liwe na mota pande zote mbili, la sivyo upande mmoja hubaki nyuma na duara linatoka yai. Tena isikose THC, kifaa kinachopandisha na kushusha tochi, maana shiti nyembamba hupinda kwa joto. Kwa ampea 45 tochi hutoboa ikiwa juu kama milimita 3.8, kisha hushuka hadi 1.5. Ukitoboa ukiwa chini, chuma kilichoyeyuka huruka kikaziba nozeli, ile ncha yenye tundu.

2. Mashine ya reli moja, ya kubebeka. Unaitandaza juu ya meza yoyote na inakata shiti nzima. Ila mkono wake umeshikwa upande mmoja tu, hivyo ncha hutikisika kwenye matundu madogo. Kwa vipande vikubwa vya chuma kinene ni nzuri. Kwa maua ya geti, hapana.

3. Kujiundia. Rahisi kwa fundi aliyezoea mota na programu. Mwingine atamaliza miezi akitafuta kwa nini mota inaruka hatua.

4. Meza yoyote iliyofungwa plazma ya HF, yaani inayowashwa kwa mawimbi ya umeme ya masafa ya juu. Iache, hata ikiwa bei rahisi kiasi gani. Mawimbi ya kuwashia huvuruga kontrola, kompyuta inayoongoza meza, ikaganda katikati ya kazi. Kabla ya kulipa, chomoa umeme, fungua nozeli, bonyeza elektrodi, kile kipande cha ndani ya tochi, kwa kidole. Ikizama na kurudi kwa springi, inaelekea ni plazma inayowashwa kwa kugusana, ndiyo unayoitaka. Ikikaa tuli, shuku HF.

Hewa ndiyo inayowaumiza wengi hapa Pwani. Plazma ya ampea 45 hula karibu lita 190 kwa dakika, na kompresa ndogo ya tangi la lita 50 haifuati. Uliza hewa inayotoka kweli, maana namba kubwa ya kwenye kibandiko mara nyingi si hiyo. Na unyevu wetu hugeuka maji ndani ya tangi: mwage kila asubuhi, pitisha hewa kwenye bomba la chuma la mita 10 linaloinama kuelekea bomba la kumwagia, ndipo uweke kichujio karibu na mashine. Maji yakifika kwenye tochi, shimo la elektrodi huchimbika upesi na mkato unaanza kulala upande.

Umeme nao: plazma hiyo ikivuta kwa nguvu hufikia ampea 30, kwa hiyo soketi ya ampea 13 haifai. Ivutie waya wake na breka yake.

Jioni futa reli kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, chumvi ya hewani haingoji wiki. Na kama meza ina maji, usikatie alumini juu yake: hutoa haidrojeni, na haidrojeni iliyojikusanya chini ya shiti hulipuka.