Sentrifuji kwa maabara ndogo Mtwara na Lindi: ipi ya kwanza, ipi uiache

Wadau mnaofungua maabara huku Masasi, Newala, Nachingwea mpaka Kilwa, mkienda kununua sentrifuji, yani mashine ya kuzungusha tyubu za damu au mkojo ili vilivyomo vitengane, muuzaji atakwambia "hii inafika 4000", yani mizunguko kwa dakika, na wengi wanalipa hapohapo. Hiyo namba peke yake haitoshi kabisa. Kinachotenganisha damu ni nguvu ya g, yani msukumo ni mara ngapi ya mvutano wa dunia, na g inategemea kasi pamoja na urefu kuanzia katikati ya rota, kile kinachoshika tyubu na kuzunguka, mpaka kitako cha tyubu. Mashine ikizunguka seli nzito zinasukumwa kitakoni, seramu, yani maji ya damu iliyoganda, ni nyepesi inabaki juu, na kwa tyubu zenye jeli ndani, ile jeli kwa kuwa uzito wake uko katikati inakaa kati yao kama ukuta. Rota ya sentimita 10 kwa mizunguko 3000 inatoa kama g 1000, ya sentimita 6 kwa kasi ileile inatoa g 600 tu, na seramu inataka g 1000 mpaka 2000 kwa dakika kama 10, tena baada ya kuacha damu igande nusu saa. Kwa hiyo muulize g, akishindwa kujibu pima urefu mwenyewe.

Namba moja kwangu ni ya mezani, tyubu 8 mpaka 12, rota ya vikombe vinavyoning'inia na kulala vikizunguka, mota isiyo na brashi. Jeli inakaa sawa bila kupinda, na mota hiyo haina brashi za kubadilisha kila zikiisha, maana spea huku mpaka uagize Dar. Hakikisha kifuniko kinajifunga chenyewe na hakifunguki rota ikizunguka, hilo msibishane nalo jamani, tyubu ikipasuka mle ndani inarusha damu na vioo.

Ya pili ni ya rota ya pembe, ile tyubu zinakaa zimeinama muda wote. Bei rahisi, imara, mkojo na seramu ya kawaida inafanya vizuri tu, ila jeli inakaa mshazari na ukinyonya seramu ovyo unagusa seli.

Ya tatu ni ile ya hematokriti, yani kupima seli nyekundu ni sehemu gani ya damu, inazunguka karibu mizunguko 12000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 5. Nzuri sana kwa kliniki inayopima upungufu wa damu, ila ni ya vitubu vyembamba, haiwezi kuwa mashine yako pekee.

Ya kuzungusha kwa mkono naiweka ya nne, weka akiba kwa ajili ya mkojo umeme ukikatika, kasi yake inategemea mkono wa mtu na majibu yanayumba.

Ya mwisho kabisa ni lile kubwa lenye friji, la mtumba. Linakula umeme, na hewa ya chumvi ya baharini inalila chuma, halafu mengine yanatoka Marekani ni ya volti 110 wakati sisi tunatumia 230.

Yoyote utakayochukua tenga hela ya stebilaiza na yupiesi inayobeba mota. Umeme ukikatika katikati usirudie kuzungusha tyubu za jeli, potasiamu itapanda kwa uongo na mgonjwa atatibiwa kitu ambacho hana, chukua damu upya. Na kabla hujalipa mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, tyubu mbili za maji zenye uzito sawa, moja huku na nyingine mkabala wake, ikitetemeka hapo irudishe kabatini kwake.