Kirikuu ya kuhamia, Sinza hadi Msakuzi: "mpaka mlangoni" ni wapi hasa?

Nimehama mara nne ndani ya miaka kumi na moja, zote humu humu Dar es Salaam, na mara zote nne nimeapa kwamba sihami tena. Safari hii nilitoka Sinza, karibu na Kijiweni, kwenda Msakuzi, kule mbele ya Mbezi Mwisho. Mwenye nyumba alipandisha kodi, dalali akala ya mwezi mmoja, mimi nikabaki na swali la gari. Watu watatu wameshaniuliza "ulihama na nani?" na kila nikianza kujibu najikuta nasifia na kulalamika kwa pumzi moja. Basi wacha niandike.

Mimi ni fundi cherehani. Mali yangu si ya kutisha: kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita, kabati la nguo, kabati la vyombo, friji, jiko la gesi na mtungi wake wa kilo 15, viroba sita vya vitambaa (nusu yake vya wateja, Mungu anisaidie), na cherehani ya miguu, ile ya chuma kizito, ambayo ndiyo inayonilisha.

Wenye Canter waliniambia 150,000, vijana wa kubeba juu yangu. Nikaenda kijiwe cha kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo. Dereva mmoja, mtu mzima wa makamo yangu, akaniambia 50,000 kwa tripu. Tripu mbili laki moja, vijana watatu kwa 10,000 kila mmoja, jumla 130,000. Nikakubali. Nilichokipenda kwake ni kwamba alikuja kuangalia mzigo kwanza kabla ya kutaja bei, akazunguka chumbani mikono nyuma kama anayekagua maiti. Wale wa Canter walitaja bei kwenye simu.

Tripu mbili ni usumbufu, lakini kwa kirikuu ndiyo akili. Ile Suzuki Carry tunayoiita kirikuu, kwa karatasi zake za Japani imeandikiwa kubeba kilo 350. Hapa mjini sijui kama kuna aliyewahi kuisoma hiyo karatasi. Bodi lake halifiki mita mbili kwa urefu, na kwa upana godoro la futi tano halilali, lazima lisimame kwa ubavu. Ukitaka kila kitu kiingie kwa mara moja, kitaingia, ila kitafika kikiwa vitu vingine. Sharti la tripu mbili ni kuwa na mtu wako kila upande. Mimi nilimtanguliza binti wa dada yangu Msakuzi, akae na mzigo wa kwanza.

Kufunga nilifunga mwenyewe, siku tatu, na hapo sihitaji ushauri wa mtu. Mabaki ya vitambaa dukani kwangu yalipata kazi. Kila sahani niliivika kipande, nikazisimamisha kwa ubavu ndani ya ndoo, kama vitabu kwenye rafu. Ukizilaza moja juu ya nyingine, ya chini inabeba uzito wa zote na shimo la kwanza barabarani ndilo linaimaliza. Hakuna sahani iliyopasuka. Glasi moja ilipasuka, na hiyo nilipasua mimi kwa haraka ya asubuhi.

Sasa vijana. Walikuja saa mbili badala ya saa moja, sawa, tumezoea. Wana nguvu, hilo siwanyimi. Kabati la nguo walilitoa kwenye ule mlango mwembamba wa uani bila kukwaruza ukuta. Lakini kijana mrefu kuliko wote alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akashika kichwa kwa mkono mmoja na meza kwa mwingine, akainua.

Wenye cherehani za miguu wanajua kinachofuata. Kichwa hakikufungwa kwenye meza ili kibebewe. Kimeshikwa na bawaba mbili kwa nyuma tu, ili kigeuke ukitaka kutia mafuta. Akainua, kichwa kikaanza kupinduka kuelekea kifuani kwake, mkanda wa ngozi ukavutika ukalia "tii!", na mimi nikapiga ukelele ambao majirani walidhani nimefiwa.

"Mama, si cherehani tu hii?"

Nikamwambia mwanangu, weka chini taratibu. Nikachomoa mkanda kwenye gurudumu, nikageuza kichwa kwa nyuma, nikalegeza zile skrubu mbili ndogo za kwenye bawaba kwa bisibisi, nikakitoa. Dakika tano. Nikakiviringisha kwenye khanga mbili na kukipakata mpaka Msakuzi kama mtoto mchanga. Meza na miguu yake wakabeba wao wapendavyo, chuma kile hakifi.

Dereva naye tulishikana kwenye friji. Alitaka ailaze, mzigo usiwe mrefu. Nikakataa. Fundi wa friji aliwahi kunieleza jambo ambalo limenikaa: friji ikilazwa, mafuta ya kompresa hutambaa na kuingia kwenye mabomba, na ukiiwasha kabla hayajarudi chini, kompresa inaweza kufa palepale. Hata iliyosafiri ikiwa imesimama iache saa kadhaa ndipo uichomeke. Iliyolazwa, mimi ningeiacha hadi kesho yake. Dereva akasema amebeba friji miaka mingi na zote zinagandisha. Nikamuuliza kama aliwahi kurudi kuuliza. Akacheka, akaisimamisha nyuma ya kabini na kuifunga kamba mara tatu. Hapa nampa maksi zake: mtu anayejua kufunga kamba utamjua, na huyu anajua. Mtungi wa gesi nilikuwa nimeshaufunga na kutoa regulata, ukasimama wima kwenye kona, nje, kwenye hewa. Kijana mmoja alitaka kuuweka kabini miguuni pangu. Hapana.

Kuhusu kabini: injini ya hizi gari iko chini ya kiti. Kutoka Shekilango, kupita daraja la Ubungo, Kimara yote hadi Mbezi, kwa foleni ya Jumamosi, nilikuwa naiva kutoka chini. Wekeni kitambaa kinene cha kukalia. Na kama mnaweza, msihame Jumamosi ya mwisho wa mwezi kama mimi. Mji mzima unahama siku hiyo, na dereva anakuwa na simu tatu za watu wanaomngoja.

Tukafika. Na hapa ndipo lilipo lalamiko langu.

Kutoka barabara ya lami hadi nyumba mpya ni vumbi, halafu kuna mtaro wa maji ya mvua umekata njia. Kutoka kwenye mtaro hadi mlangoni kwangu nilihesabu baadaye, hatua themanini na sita. Dereva akazima gari kabla ya mtaro. "Dada, tumefika." Vijana wakashuka, wakaangalia zile hatua, wakaangaliana, na yule mrefu akasema kutoka hapa ni kazi nyingine, niongeze 15,000. Nikasema tulikubaliana mpaka kwangu. Akasema, "Si hapa kwako? Sisi tulisema mpaka Msakuzi."

Nikamtazama dereva anitetee. Akawa anasoma simu.

Jua la saa sita, mali yangu juu ya gari, binti wa dada yangu amesimama mlangoni na funguo. Kuna mahali pabaya pa kubishania bei kuliko hapo? Tukamalizana kwa 10,000. Kilichoniuma zaidi kilikuja tripu ya pili. Wingu lilikuwa limetanda, hii ilikuwa Aprili, na dereva alipoona matone ya kwanza pale Kwa Msuguri alikanyaga mafuta. Tulipofika mtaroni akashuka, akavuta mbao mbili nene kutoka chini ya mzigo, akazilaza juu ya mtaro, na kirikuu ikavuka mpaka kizingitini. Mbao zile zilikuwa garini tangu asubuhi! Nilimuuliza kwa nini hakuzitoa mara ya kwanza. Akasema, "Mara ya kwanza hukuniambia mpaka mlangoni, dada."

Kwa hiyo wale mnaouliza, neno la kusema siku ya kupatana ni hilo. Usiseme "mpaka Msakuzi", usiseme "mpaka kwangu". Sema mpaka mlangoni, kupakia na kushusha, mlango wa ndani si geti, na ueleze njia ilivyo, mtaro, ngazi, mchanga. Useme mbele ya vijana pia, kwa kuwa dereva na vijana si kitu kimoja hata kama wamekuja pamoja. Mimi niliongea na dereva peke yake, nikadhani nimeongea na wote.

Turubai hakuwa nalo. Hilo ni kosa lake na nimemwambia. Kilichookoa godoro ni ile nailoni yake ya dukani. Wanaowacheka watu wasiotoa nailoni kwenye godoro hawajawahi kuhama masika. Mimi yangu niliitoa zamani lakini niliikunja nikaiweka juu ya kabati, miaka mitatu, na jioni ile ilinilipa. Viroba viwili vya vitambaa viliingia maji, nikaanika sebuleni kutwa nzima ya Jumapili. Gauni la mteja la lesi liliponea chupuchupu.

Usiku wa kwanza niliupanga vizuri, na huu ndio ushauri pekee ninaoutoa bila kuulizwa. Kuwe na begi moja lisilopanda kwenye bodi kabisa: chandarua, nyundo na misumari minne ya kukitundikia, shuka, sufuria moja, kiberiti, chaja, mswaki, na vidonge vya presha kwa sisi tunaovimeza. Ile hali ya saa nne usiku kutafuta dawa kwenye viroba sita vinavyofanana, niliipitia wakati nahamia Sinza. Presha yenyewe ilipanda kwa sababu ya kutafuta dawa ya presha.

Umeme nao ulinipa somo. Nyumba ilikuwa imekaa tupu miezi, na kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, kwa hiyo hela yangu ya kwanza ya umeme ilianza kwa kulipia miezi ambayo mimi sikuwepo. Uniti nilizopata zilikuwa za kuchekesha. Nilimwonyesha mwenye nyumba ujumbe wa malipo, akakubali kunipunguzia kwenye kodi ya nyumba. Wewe nunua umeme wa hela kidogo mbele yake siku ya kukabidhiwa funguo, uingize zile tarakimu 20 wote mkiwa mmesimama pale, ndipo mwachane.

Sasa kitanda. Kuna mfuko mdogo wa Rambo niliotia bolti zote nane za kitanda pamoja na spana, na kwa akili ya mtu aliyehama mara nne, badala ya kuufunga kwenye ubao wa kitanda chenyewe, nikampa kijana mmoja "nishikie". Akashika. Akaondoka nao. Usiku huo na wa pili tulilala chini, mimi na binti wa dada yangu, mbao za mninga zimeegemea ukuta zinatutazama. Jumapili nilimpigia dereva mara mbili, hakupokea. Nikamsema vibaya sana mbele ya jirani mpya, mtu ambaye nilikuwa sijajua hata jina lake.

Jumatatu saa moja kasoro asubuhi nasikia injini nje. Kirikuu ileile, imepakia matofali ya mtu anayejenga huko mbele zaidi, mbao zimeshalazwa mtaroni. Akashuka na mfuko wa Rambo. Alikuwa ameukuta chini ya kiti Jumapili usiku, simu haina chaji. Bolti nane, spana moja. Akaingia ndani, akaniinulia ubao wa kichwani nikaze, kwa kuwa ule ubao mtu mmoja hawezi, kisha akaulizia bei ya kushona suruali.

Nilimpa chai na maandazi mawili. Habari za hela ya soda hakuzitaja. Namba yake ninayo, nitampigia tena. Vijana nitawatafuta wengine.