Darasa la picha za nyuzi 360 katikati ya jiji: uzoefu wangu

Kama unapiga picha za nyumba za kupangisha Kilimani au Kileleshwa hapa Nairobi, na wateja wameanza kukuuliza habari za ziara ya mtandaoni, yaani picha za pande zote ambazo mtu huzizungusha kwenye simu kana kwamba yuko ndani ya nyumba, darasa hili ninalipendekeza. Sababu kubwa ni somo moja ambalo video nyingi za mafunzo hulipitia mbiombio: kamera izungukie wapi hasa.

Tulifundishwa juu ya paa, jumba refu la mikutano la KICC likionekana vizuri. Mwalimu alituambia tuweke chuma cha ukingo wa paa karibu na lenzi, kilingane na kona ya lile jumba kule mbali, kisha tugeuze kamera kushoto na kulia. Kwenye tripodi ya kawaida chuma kilihama, mara kinaifunika kona, mara kinaiachia, kama kidole ukikitazama kwa jicho moja kisha la pili. Tukabadilisha, tukafunga kichwa cha panorama, yaani kishikio cha juu ya tripodi chenye reli ya kusogezea kamera mbele na nyuma, tukaisogeza kamera nyuma kidogo kidogo hadi chuma na kona vikaacha kuachana. Hapo ndipo mhimili wa mzunguko unapopita kwenye tundu la lenzi linalopokea mwanga. Usipopapata mahali hapo, kila picha inakuwa imetazama kutoka mahali tofauti, na programu ya kuunga picha haiwezi kuyalazimisha mambo yakubaliane. Uwanjani ambako kila kitu kiko mbali hutaona tatizo. Nenda sasa jikoni mwa fleti ndogo, kaunta iko karibu kabisa na lenzi: mstari wa vigae unakatika katikati na mteja anauona mara moja.

Kwa lenzi ya jicho la samaki ya milimita 8, ile inayoona eneo pana sana, tulipiga picha sita za kuzunguka, kila baada ya nyuzi 60, kisha moja ya juu na moja ya chini ya kuficha tripodi. Mwanga, fokasi na rangi vyote vilipangwa kwa mkono visibadilike kati ya picha na picha. Somo la madirisha nalo lilinifaa sana, kwa sababu jua letu la saa sita mchana linakuwa karibu utosini: nje kunang'aa, sebuleni giza. Dawa yake ni kupiga kila upande mara tatu kwa viwango tofauti vya mwanga na kuzichanganya picha hizo baadaye. Mimi sasa kazi za nje nazipanga kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi, jua lisiwe katikati ya picha ya juu.

Kuunga picha tulifanya kwa programu ya Hugin, ambayo ni ya bure. Nyingine, PTGui, inalipiwa, na anayeanza hana haja ya kuikimbilia.

Je, kamera ndogo za nyuzi 360 kama Ricoh Theta au Insta360 hazitoshi? Kwa dalali anayetaka kuonyesha nyumba leo jioni, zinatosha kabisa. Ila zina lenzi mbili zilizopeana mgongo, na lenzi hizo haziwezi kukaa mahali pamoja. Kiti kikiwa karibu na mstari zinapokutana, kinapinda. Baada ya lile somo la paani utajua kuigeuza kamera ili mshono uangukie ukuta mtupu.

Mapungufu yapo. Vichwa vya panorama vilikuwa vichache kuliko wanafunzi, na kungoja zamu kulikula muda. Kuunganisha chumba na chumba kuwa ziara kamili kulibanwa mwishoni, ilhali kazi yenyewe ndiyo hiyo. Pannellum, kwa mfano, programu ya kuonyesha picha hizi kwenye tovuti, inaweza kupokea picha iliyokatwa vipande, simu ikapakua tu upande unaotazamwa. Kwa mtazamaji anayenunua bando, hilo ni jambo kubwa, na lilistahili kipindi kizima. Pia sikusikia lolote kuhusu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ile ya Kenya inayolinda taarifa binafsi za watu. Picha ya nyuzi 360 inanasa kila kitu: sura za watoto ukutani, barua mezani, namba ya gari la jirani dirishani. Mimi humwomba mwenye nyumba idhini ya maandishi na kuondoa vitu hivyo kabla sijafungua tripodi.

Kabla hujalipa, uliza kila kichwa cha panorama kinagawanywa kwa wanafunzi wangapi. Wakikujibu zaidi ya watatu, ngojea kundi lijalo.