Kutoka distribyuta hadi kompyuta: nilivyofunga Megajolt kwenye gari la kabureta

Nianze na swali ninaloulizwa kila ninapofungua boneti: hapana, gari halijapata nguvu za ajabu. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, tofauti kati ya mfumo huu, ambapo kompyuta ndiyo inayopanga wakati wa cheche, na distribyuta nzima (kile chombo kinachozunguka na kugawa cheche kwenye plagi) iliyosetiwa na fundi anayejua ni ndogo sana. Faida iko kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta, kwenye kuwaka injini ikiwa ya baridi, kwenye kuondoka kwa gia ya kwanza, na kwenye mwendo wa kawaida wa safari, ambao ndio sehemu kubwa ya maisha ya gari lolote.

Injini yangu ni ya silinda 4, lita 1.6, kabureta moja, na pointi za zamani, ile swichi ndogo ndani ya distribyuta inayofunguka ili cheche ipigwe. Distribyuta ilikuwa imechoka. Shafti inacheza kwenye bushi, kwa hiyo pointi zinafunguka mapema mzunguko huu, zinachelewa mzunguko unaofuata. Nikimulika taa ya taimingi, inayomweka kila cheche inapopigwa, alama kwenye puli haitulii. Unaweza kubadilisha pointi na kondensa kila mara, lakini shafti ikishalegea hujatibu kitu.

Hata ikiwa mpya, distribyuta ina mipaka yake. Ndani yake kuna vizito viwili na springi: injini ikizunguka kasi, vizito vinatanuka na cheche inawahi. Pembeni kuna kopo linalovutwa na hewa ya manifoldi, lile bomba la kuingiza mchanganyiko kwenye silinda; mzigo ukiwa mdogo linaiwahisha cheche digrii kadhaa zaidi, yaani digrii za mzunguko wa krenki kabla pistoni haijafika juu. Ni ufundi wa kuheshimiwa, umeendesha dunia kwa miongo mingi. Lakini vizito na springi vinajua jambo moja tu: kasi ikipanda, ongeza, ikishuka, punguza.

Nilichofunga ni Megajolt Lite Jr, kompyuta ndogo inayoshughulika na cheche peke yake, pamoja na EDIS, mfumo wa cheche usio na distribyuta ambao Ford waliufunga kwenye magari yao ya miaka ya 1990. Kabureta haiguswi. Kwenye puli ya krenkishafti (krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni) unafunga gurudumu la meno lenye nafasi 36, jino moja limeondolewa, na mbele yake sensa inayohesabu meno yanavyopita. Moduli ya EDIS inajua krenki iko wapi kwa lile pengo. Megajolt inasoma kasi ya injini na presha ya manifoldi, inatafuta kwenye jedwali lake digrii zinazotakiwa, inaiambia EDIS, na EDIS inapiga koili. Koili ni mbili kwenye pakiti moja, na kila moja inapiga plagi mbili kwa wakati mmoja: ya 1 na ya 4, ya 2 na ya 3. Plagi moja inawasha mchanganyiko, nyingine inapiga cheche ya bure tu kwenye silinda inayomalizia kutoa moshi. Rota haipo tena, kifuniko hakipo, pointi hazipo.

Wengi wanaogopa kompyuta. Kompyuta ilikuwa sehemu rahisi kuliko zote. Kazi yenyewe ni chuma. Gurudumu lazima likae katikati ya puli sawasawa, likiyumba kidogo tu sensa inapoteza hesabu kwenye kasi kubwa. Kishikio cha sensa kiwe kizito, kifungwe kwenye bloku yenyewe, na nafasi kati ya sensa na meno iwe kama milimita 1. Kishikio cha bati jepesi kitatetemeka na utahangaika na injini inayomisi bila kujua chanzo. Kwa silinda 4, lile pengo linatakiwa lipite mbele ya sensa digrii 90 kabla pistoni ya kwanza haijafika juu kabisa. Mimi nilimpelekea mchonga vyuma puli yenyewe na gurudumu, akakata ngazi ya kulikalisha. Hapo usibane matumizi.

Uzuri wa EDIS ni kwamba kazi hii unaweza kuikagua bila kompyuta. Chomoa waya wa amri unaotoka Megajolt, washa injini, na EDIS yenyewe itasimama kwenye digrii 10 kabla ya kilele. Ukimulika ukaona 10, gurudumu limekaa vizuri. Tabia hiyohiyo ndiyo iliyonishawishi kuchagua mfumo huu: Megajolt ikifa njiani, gari halizimi. Litakuwa zito, litakula mafuta, lakini litafika. Sensa ya krenki ikifa, basi hapo umesimama kweli, kwa hiyo ya akiba inakaa kwenye gari.

Sasa jedwali. Lina vyumba 10 kwa 10, kasi upande mmoja, mzigo upande mwingine. Nilianza na namba za kiasi, kisha nikawa naongeza kidogo kidogo huku nikisikiliza injini isigonge. Kwa mzigo mkubwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika nimeishia digrii 28. Kwa kasi hiyohiyo lakini mguu ukiwa mwepesi, barabara tambarare, nina 38, na injini inafurahi, kwa sababu mchanganyiko ukiwa kidogo ndani ya silinda unaungua polepole, cheche inabidi iwahi. Namba hizi ni za injini yangu, msizinakili.

Kilichonipendeza kuliko vyote ni sailensa. Kwenye mizunguko 900 nimeweka digrii 14, lakini kwenye chumba cha chini yake nimeweka 20, na cha juu yake 12. Ukiwasha taa na feni, injini inataka kushuka, kompyuta inawahisha cheche, injini inajiinua. Ikipanda mno, inarudishwa. Distribyuta haiwezi hilo, kwa kuwa vizito vyake kasi ikishuka havina cha kuongeza. Sailensa iliyokuwa ikipanda na kushuka imetulia, na sikugusa skrubu ya kabureta.

Kero zipo. Mshale wa RPM kwenye dashibodi ulilala siku ya kwanza, kwa sababu ulikuwa ukisoma koili ya zamani. Moduli ya EDIS ina pini yake ya kazi hiyo, lakini mishale mingine ya zamani haiielewi. Taa yangu ya taimingi yenye kitufe cha digrii ilinisomea mara mbili ya ukweli, maana inaona cheche mbili pale ilipozoea moja; tumia taa ya kawaida na uchore alama zako kwenye puli. Waya wa sensa lazima uwe wenye ngao, ngao ipigwe ethi upande mmoja tu, na waya za plagi ziwe za ukinzani, la sivyo kelele za umeme zinaingia kwenye hesabu. Megajolt yangu inaongea na laptopu kwa tundu la zamani la "serial" ambalo laptopu za leo hazina, kwa hiyo kuna adapta ya kununua.

Kabla hujang'oa distribyuta, angalia pampu ya oili inaendeshwa na nini. Kuna injini ambazo shafti ya distribyuta ndiyo inayoizungusha. Kwa hizo unaacha mwili na shafti, unatoa vya juu na kuziba.

Kama huna mchonga vyuma wa kuaminika, au unataka boneti ionekane kama ilivyotoka kiwandani, 123ignition ya Uholanzi inakufaa zaidi. Hiyo ni distribyuta kamili yenye elektroniki ndani, na toleo la TUNE+ unalipanga kwa simu kupitia Bluetooth. Inaingia kwenye tundu lilelile, kazi ya mchana mmoja. Rota na kifuniko vinabaki, na bado inategemea gia na cheni za injini, kwa hiyo kama cheni yako imelegea, taimingi nayo italegea. Yangu ilikuwa imelegea, ndiyo maana nilitaka sensa isome krenki moja kwa moja.