Miezi saba na Hercules: Linux ya meinfremu kwenye meza yangu Lubumbashi

Usiku wa kwanza nilikaa mbele ya skrini karibu saa nzima bila kusonga hata hatua moja. Kerneli ya Debian, yaani kiini cha Linux niliyokuwa nasakinisha, ilikuwa imeshapanda, mistari yake yote imepita, na kisakinishi kikaniuliza natumia kifaa gani cha mtandao: orodha ya namba, chagua moja. Nikaandika namba. Hercules, programu inayoiga meinfremu (kompyuta kubwa za makampuni) ndani ya laptopu yangu, ikajibu kwamba haiijui amri hiyo. Nikarudia, jibu lile lile. Mwisho nikampigia simu yaya mmoja, mkubwa wangu wa mtaa wa Bel-Air, ambaye miaka ya nyuma alifanya kazi na mashine hizi huko nje.

"Yaya, pole kwa usiku huu. Mashini inaniuliza swali, nikijibu inakataa."

"Umetanguliza nukta?"

"Nukta gani, yaya?"

"Nukta mbele ya jibu, mdogo wangu. Bila nukta unaongea na Hercules. Ukiweka nukta unaongea na Linux iliyo ndani yake."

Nikaandika nukta, kisha namba. Kisakinishi kikaendelea papo hapo.

Nimeitumia Hercules karibu kila siku kwa miezi saba, na nataka wenzangu wanaosimamia seva hapa kwetu waijue. Wengi wanaifahamu Linux vizuri kabisa, lakini wakisikia meinfremu wanarudi nyuma. Hata mimi nilikuwa hivyo. Mwaka huu kampuni moja ya nje ilinipa mkataba wa kusaidia kwa mbali mashine zao za Linux zinazokaa juu ya meinfremu, na kabla ya kugusa cha watu nilitaka niharibu cha kwangu kwanza, nijifunze kukitengeneza. Meinfremu yenyewe sijawahi kuisogelea. Nina laptopu yenye RAM ya gigabaiti 16, inverta na betri mbili, na meza karibu na dirisha.

Hercules ni programu ya bure inayoiga kompyuta kubwa za IBM, kuanzia System/370 mpaka z/Architecture ya biti 64. Ilianzishwa na Roger Bowler mwaka 1999. Mwisho wa mwaka huo huo IBM yenyewe ilitoa hadharani msimbo wa kuifanya Linux ikimbie juu ya mashine zake, kwa hiyo viwili hivi ni kama watoto wa umri mmoja. Ukishaingia ndani ya Linux hii, utaikuta ni ile ile: apt ya kusakinisha programu ni apt, ssh ya kuingia kwa mbali ni ssh. Shida zote nilizopata zilitoka chini yake, kwenye namna inavyopewa diski, mtandao, konsoli (skrini ya amri ya mashine yenyewe) na njia ya kuwaka. Huko ndiko msimamizi wa seva za kawaida anakopotea, na huko ndiko Hercules inakokufundisha.

Mtandao ulinila siku mbili, lakini sababu yake ni fupi. Kwenye faili la usanidi unaandika anwani mbili: kwanza ya Linux iliyo ndani, halafu ya laptopu yako. Mimi niligeuza. Zaidi ya hapo, programu ndogo iitwayo hercifc, inayoandaa mtandao kwa niaba ya Hercules, lazima iwe na ruhusa ya root, yaani ya msimamizi mkuu. Yakishakaa sawa hayo, kisakinishi cha Debian kinakuomba uweke nenosiri, kisha unaingia kwa ssh ukitumia jina installer na kumaliza kazi kwenye terminali ya kawaida. Usijaribu kuimaliza kwenye konsoli. Pale kila neno linataka nukta, na unachokiandika kinaonekana wazi kwenye skrini, nenosiri likiwemo.

Kwenye diski nitakaa kidogo, maana hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii. Meinfremu haihesabu diski kwa gigabaiti. Inahesabu treki, yaani duara moja la data, na silinda, yaani kundi la treki. Diski ya IBM ya 3390 modeli 3 ina silinda 3339, kila silinda ina treki 15. Kabla Linux haijaitumia, ni lazima uifomati kutoka chini kabisa kwa dasdfmt, na hapo unaulizwa ukubwa wa bloku. Nilipoona 512 nikaichagua, kwa sababu ndiyo namba niliyoizoea kwenye diski za kawaida. Diski ikatoka ndogo kuliko nilivyotegemea. Nilidhani Hercules ina kasoro, mpaka nilipochukua kalamu. Treki moja ya 3390 inabeba bloku 49 za baiti 512, yaani baiti 25,088. Treki hiyo hiyo inabeba bloku 12 za baiti 4096, yaani baiti 49,152. Kila bloku inabeba mzigo wake wa alama na nafasi tupu, kwa hiyo ukikata vipande vidogo vidogo unaitupa karibu nusu ya diski. Kwa bloku za 4096 hesabu ni 12 mara 15 mara 3339: bloku 601,020, kama gigabaiti 2.46. Hesabu hiyo bado iko kwenye daftari langu, na tangu siku ile nikiiona namba ya silinda najua ni nafasi kiasi gani bila kumwuliza mtu.

Baada ya dasdfmt unagawa kwa fdasd, na sehemu haziwezi kuzidi tatu. Anayetaka nyingi zaidi atumie LVM, njia ya Linux ya kugawa diski kwa programu. Na usiamini majina ya dasda na dasdb ambayo Linux inazipa diski. Yanatolewa kwa kufuata diski ipi imewashwa kwanza, kwa hiyo leo dasdb ni hii, kesho ni nyingine. Kinachobaki ni anwani ya kifaa, kama 0.0.0120. Mimi siku hizi siandiki dasdfmt kabla sijaendesha lsdasd, inayoorodhesha diski, na kusoma anwani kwa kidole.

Halafu kuna umeme. Anayeishi hapa anajua. Jioni moja tulikuwa mezani, bukari ya moto na sombe, umeme ukakatika. Betri zilikuwa zimeshachoka tangu mchana, na laptopu ikazimika katikati ya usakinishaji. Faili la diski lilikuwa la aina iliyobanwa, na liliporudi lilikuwa na majeraha. Hercules ina chombo cha kulikagua na kulitengeneza, cckdcdsk, nacho kiliniokolea sehemu kubwa. Lakini dawa niliyoipata siku ile ni mafaili kivuli. Unaandika sf+* kwenye konsoli ya Hercules, na kuanzia hapo kila mabadiliko yanaandikwa kwenye faili jipya. La zamani haliguswi tena. Ukiharibu, unakitupa kivuli na kurudi ulipokuwa. Ukiridhika, unakiunganisha. Nimefanya kosa lile lile mara kumi kwa makusudi, usiku mmoja, ili niijue sura yake. Kwa mtu anayejifunza katika mji wenye umeme kama wetu, kitu hiki peke yake kinatosha kuichagua Hercules.

Kosa lililonifundisha zaidi lilikuwa la zipl, programu inayoandaa diski ili mashine iweze kuwaka kutoka kwayo. Nilitaka kupanga /boot, mahali kerneli inapokaa. Nikalihamisha faili la kerneli kwenye diski nyingine, kisha nikalirudisha mahali pake, jina lile lile, ukubwa ule ule. Nikawasha upya kwa ipl 120, amri ya kuwasha kutoka diski ya anwani 0120. Prosesa ikasimama palepale, na Hercules ikaonyesha ujumbe wa hali ya kungoja iliyofungwa, pamoja na safu ya namba. Ukiona hivyo ujue mashine imekataa kabisa. Nilizunguka na namba zile usiku kucha, kumbe maelezo ni mepesi. Kwenye kompyuta nyingi GRUB, programu inayoiwasha Linux, inausoma mfumo wa mafaili, inalitafuta faili kwa jina. zipl haifanyi hivyo. Ukiiendesha, inaandika kwenye diski orodha ya bloku ambako kerneli imelala. Wakati wa kuwaka hakuna anayeuliza jina. Mashine inakwenda moja kwa moja kwenye bloku zile. Nilipolirudisha faili lilikaa kwenye bloku nyingine, na orodha ikabaki inaelekeza mahali pasipo na kitu chake.

Kutoka hapo niliwasha kisakinishi tena, nikafungua terminali, nikaiwasha diski kwa kuandika 1 kwenye faili la online ndani ya /sys/bus/ccw/devices/0.0.0120, nikaiambatisha pamoja na /dev, /proc na /sys, nikaingia ndani ya mfumo ule kwa chroot, nikaandika zipl. Kazi ya dakika kumi ukiijua. Ukibadilisha chochote kwenye zipl.conf au ukaigusa initrd (faili linalopakiwa pamoja na kerneli) kwa mkono, iendeshe zipl tena kabla ya kuzima.

Kuna mapungufu, na sitayaficha. Hercules ni ya polepole, kwani inaigiza kila agizo la prosesa. Kusakinisha Debian 9 kwangu kulianza saa mbili usiku na kumalizika alfajiri. Na msikimbilie matoleo mapya. Ubuntu 20.04 inataka angalau meinfremu ya IBM ya kizazi cha z13, RHEL 9 (Linux ya Red Hat) inataka z14, na toleo langu la Hercules halikuwa na maagizo yote ya prosesa hizo. Debian 9 ilikubali vizuri, ila vifurushi vyake sasa vinachukuliwa archive.debian.org.

Nilijaribu njia nyingine pia. QEMU, programu nyingine ya kuiga kompyuta, inaiga s390x (jina ambalo Linux inaziita mashine hizi) na ni nyepesi kutumia, lakini diski zake ni za virtio, si za aina ya 3390, kwa hiyo dasdfmt na fdasd hutaziona kabisa. Ni nzuri kwa anayetaka tu kujua kama programu yake inakubali mashine hii, ambayo hupanga baiti zake kwa kuanza na iliyo kubwa, kinyume na laptopu zetu. IBM nayo ina LinuxONE Community Cloud, ambako nilipewa mashine halisi kwa siku 120 bila malipo. Ni ya kasi. Lakini unaikuta imeshasakinishwa, na mimi nilitaka kujifunza kabla ya hapo.

Kitu kimoja Hercules haikunipa ni z/VM, tabaka ambalo kampuni nyingi hulitumia kuendesha Linux nyingi juu ya mashine moja. Ile ina leseni yake ya kulipia. Nilikutana nayo kwa mara ya kwanza kwenye mashine ya mteja, saa tano usiku kwa saa zetu. Waliongeza diski mpya, anwani 0205, na Linux haikuiona. Nikaendesha vmcp q v dasd kuiuliza z/VM yenyewe: diski ipo. Nikaendesha lscss, inayoorodhesha vifaa ambavyo Linux inaviona: haipo. Kama ningekuwa sijakaa na Hercules ningeanza kuwasumbua watu wa diski. Lakini nilijua kwamba kati ya kifaa na Linux kuna mlango, na mlango huo una orodha ya waliokatazwa. Nikaandika cio_ignore -l, na 0.0.0205 ilikuwa ndani ya orodha, kwa sababu mfumo ule ulisakinishwa kwa kukataza kila kifaa kisichotajwa. cio_ignore -r 0.0.0205, kisha chzdev -e dasd 0.0.0205, na lsdasd ikaionyesha.

Bado niliona mstari wa cio_ignore umeandikwa kwenye vigezo vya kerneli. Nikaongeza anwani ile kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, nikaendesha zipl, nikasubiri mpaka iseme imemaliza. Asubuhi waliiwasha upya, na 0205 ikawaka pamoja na nyingine.