Kadi ya waifai niliyokaribia kuitupa: uzoefu wangu, Mbeya

Nahariri video za harusi nyumbani kwangu Soweto, hapa Mbeya, kwa kompyuta ya mezani niliyoiunga mwenyewe kipande kwa kipande. Mazabodi yake, yaani bodi kuu inayobeba vipande vyote, haina waifai, na rauta iko sebuleni, kuta mbili za tofali za kuchoma kutoka ninapokaa. Nikaagiza kadi kutoka Kariakoo: chipu ya Intel AX200 iliyofungwa kwenye kibao cha kuchomeka sloti ya PCIe (nafasi ya kadi za ziada kwenye mazabodi), antena mbili, na kipoza joto cheusi juu yake. Shilingi 75,000 pamoja na nauli ya basi. Leo ina miezi minne na nimeipenda, ila wiki ya kwanza ilinitesa kweli.

Siku ya kwanza Windows haikuitambua kabisa. Hilo lilikwisha haraka: nilichomeka simu kwa waya wa USB, nikaishirikisha kompyuta bando langu, nikapakua draiva, programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, kwenye tovuti ya Intel.

Kilichoniumiza ni mtandao wenyewe. Simu ikiwa juu ya meza hiyohiyo inashika vizuri, kompyuta inaonyesha kistari kimoja. Kifurushi changu ni cha megabiti 20 kwa sekunde; nikipima napata 3. Video ya gigabaiti 9 inakesha ikipanda, na asubuhi mteja anapiga: "Dada, vipi ile video? Wazee wameshakaa wanaisubiri." Unajibu nini hapo?

Fundi mmoja aliiwasha kompyuta, akaitazama dakika tano, akasema, "Dada, mazabodi imekufa hiyo. Andaa 180,000 nikutafutie nyingine." Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu hela. Kabla sijalipa nikaichomoa kadi na kuipeleka kwa mdogo wangu, nikaichomeka kwenye kompyuta yake. Ikafanya vilevile, kistari kimoja. Basi mazabodi yangu haikuwa na kosa, ugonjwa unaifuata kadi.

Usiku ule nilifungua skrubu nne za kipoza joto kwa bisibisi ndogo ya miwani. Ndani kuna kadi ndogo, upana wake kama kidole gumba, na nyaya mbili nyembamba kama uzi zinazotoka kwenye kadi hiyo hadi mahali pa kufungia antena. Kila waya una kifuniko cha dhahabu kidogo kuliko punje ya mchele, kinachokaa juu ya kitundu chake. Kimoja kilikuwa kimechomoka, kimelala pembeni. Kadi ilikuwa inafanya kazi kwa antena moja siku zote. Nadhani ni safari: kutoka Dar hadi huku, na zile kona za Kitonga, kwenye bahasha isiyo na sponji hata kidogo. Nilimulika kwa tochi ya simu, nikakilenga juu ya kitundu, nikakikandamiza kwa ukucha. Tik. Sauti ndogo sana, lakini niliisikia. Nikawasha: vistari vinne, megabiti 19.

Kitu kingine kilichosaidia ni kuziondoa antena nyuma ya kompyuta. Pale zinabanwa kati ya kasha la bati na ukuta. Nilinunua kitako chenye waya, nikaziweka juu ya meza, na hata masafa ya 5 GHz, ambayo huchoka haraka kwenye kuta kuliko 2.4 GHz, sasa yananifikia.

Bluetooth ilikataa hadi nilipogundua kwamba haipiti kwenye sloti ya PCIe. Ina waya wake mdogo wa kuchomeka kwenye pini za USB ndani ya mazabodi. Mimi niliuacha kwenye boksi nikidhani ni wa ziada. Na mtandao ulipokuwa ukikatika kila nikiiacha kompyuta kidogo, niliingia Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, nikafungua sifa za kadi, nikaondoa tiki inayoruhusu Windows kuizima ili kuokoa umeme. Tangu hapo haijakatika.

Ukienda kununua, soma namba kwa makini. AX201 inafanana sana na hii, lakini inataka mazabodi ya Intel iliyotengenezwa kuipokea. Mimi natumia mazabodi ya prosesa za AMD, kampuni nyingine. Ningeichukua hiyo isingewaka hata kwa maombi. AX200 inakubali zote mbili.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya ule ufungaji, na kwa kuwa ndani ya boksi hapakuwa na hata karatasi moja ya kueleza ule waya wa Bluetooth. Jumamosi iliyopita nilituma harusi ya Tukuyu, gigabaiti 9, ikafika kwa saa moja na kidogo. Mama wa bibi harusi alinipigia mwenyewe kusema ndaga, asante kwa Kinyakyusa.